Eluemunor, kijana wa London aliyepita timu nne hadi akafika kwenye ile ya utotoni

Jioni ya Oktoba 28, 2007, mvua ilinyesha London na nyasi za Uwanja wa Wembley zikageuka tope. New York Giants waliwashinda Miami Dolphins 13-10 katika mechi ya kwanza ya msimu rasmi wa ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, kuchezwa barani Ulaya. Haikuwa mechi ya kuvutia. Lakini katika nyumba moja ya jiji hilo, mvulana wa miaka 12 mwenye baba wa asili ya Nigeria alikuwa akibadilisha vituo vya televisheni, akaikuta mechi hiyo na hakuhama tena.

Mvulana huyo ni Jermaine Eluemunor. Machi 2024, Giants walimpa mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya dola milioni 14. Kati ya jioni ile na siku ya kutia saini imepita miaka zaidi ya 16, na njia aliyopita inaeleza vizuri kuliko hadithi za mastaa jinsi wengi wanavyoishi katika ligi hiyo tajiri.

Kwanza kazi yenyewe, maana msomaji wa ukanda huu aliyezoea soka anaweza kushangaa. Timu inayoshambulia huwa na watu 11 uwanjani. Watano kati yao, wale wakubwa kuliko wote, husimama mstari wa mbele. Hawarushi mpira wala hawakimbii nao, na kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kudaka pasi ya mbele. Kazi yao ni kuweka miili yao kati ya wapinzani na mrushaji wa timu, yaani kwotabeki, apate sekunde mbili au tatu za kufikiri. Eluemunor, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 140, hufanya kazi hiyo hasa ukingoni mwa mstari, upande wa kulia.

Takwimu zao ni chache mno. Mfungaji huhesabiwa mabao na golikipa huhesabiwa mikwaju aliyookoa, lakini mlinzi wa mstari hutajwa redioni pale tu anapofanya faulo au anapomwachia adui apite. Akitajwa mara tatu katika mechi moja, kesho yake kazi iko mashakani.

Eluemunor alihamia jimbo la New Jersey na baba yake akiwa na miaka 14, akauanza mchezo huo katika shule ya sekondari ya Morris Knolls, umri ambao wenzake wengi wa Marekani walikwishazoea kuvaa kofia ngumu. Hakuna chuo kikubwa kilichomkimbilia. Alianzia Lackawanna, chuo cha kawaida mjini Scranton, Pennsylvania, kisha akapata nafasi Texas A&M. Mwaka 2017 Baltimore Ravens walimchagua katika raundi ya tano ya drafti, akiwa mtu wa 159. Septemba mwaka huohuo Ravens walisafiri hadi Wembley na kufungwa na Jacksonville Jaguars 44-7. Kurudi nyumbani kwa namna hiyo si kila mtu angependa kukusimulia.

Baada ya hapo begi halikukaa sana chini. Kabla ya msimu wa 2019 Ravens walimpeleka New England Patriots kwa makubaliano ya kubadilishana nafasi za drafti. Mwaka 2021 alisaini Miami Dolphins, wale walioshindwa jioni ile ya tope, wakamwacha Agosti kabla msimu haujaanza. Las Vegas Raiders wakamchukua.

Agosti ndiyo mwezi wa kuogopwa. Kila timu kati ya 32 huingia kambini na wachezaji hadi 90, na mwisho wa mwezi hubaki 53. Zaidi ya watu 1,000 huambiwa warudishe vitabu vya mbinu, na ingawa baadhi huitwa tena kwenye kikosi cha mazoezi, wengi huo ndio mwisho wao. Mikataba mingi haina dhamana kamili, hivyo tarakimu inayotangazwa magazetini na fedha inayoingia benki ni vitu viwili tofauti. Mchezaji anahitaji misimu mitatu inayotambuliwa ili apate haki ya pensheni ya ligi, na wengi hawafiki hapo.

Eluemunor alifika, na namna alivyofika inastahili kutazamwa. Alijifunza kucheza kulia na kushoto, ndani na ukingoni, kwa sababu mtu wa akiba anayejua nafasi moja tu ndiye wa kwanza kukatwa. Raiders walimpa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, naye mwaka 2022 akawa mlinzi wa kutegemewa upande wa kulia. Jambo la pili ni kocha. Carmen Bricillo alimfundisha New England, wakakutana tena Las Vegas, na Bricillo alipohamia Giants mwaka 2024, Eluemunor akafuata. Kwa mchezaji asiye na jina kubwa, kocha mmoja anayemwamini ana thamani kuliko wakala hodari.

Mapokezi New York hayakuwa ya sinema. Giants walimaliza msimu wa 2024 kwa ushindi wa mechi tatu na vipigo 14. Andrew Thomas, mlinzi mkuu wa upande wa kushoto, aliumia, na katikati ya msimu Eluemunor akahamishwa kuziba pengo, upande ambao kila hatua ya mguu hugeuzwa. Ile kazi ya utumwa wa nafasi mbili ikawa na faida tena.

Ukanda wetu una historia fupi na ligi hiyo. Mkenya Daniel Adongo, aliyelelewa na raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, lakini kufikia 2015 alikuwa ameachwa. Mwaka 2023 ligi ilileta kambi ya vijana Nairobi, ikiongozwa na Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye wazazi Wanigeria, ambaye alikuwa nyota wa Giants msimu ule wa 2007. Tangu 2024 kila timu ina nafasi moja ya ziada katika kikosi cha mazoezi kwa mchezaji kutoka nje.

Kuna kasoro moja isiyosemwa sana. Mchezo ambao NFL inausambaza mashuleni barani Afrika, na utakaochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, ni futiboli ya bendera, ya watu watano kila upande, ambapo mpinzani husimamishwa kwa kuchomolewa kitambaa kiunoni. Kusukumana hakuruhusiwi. Mtoto mnene wa Kisumu au Bujumbura mwenye mabega ya kujengea ukuta ataangalia wenzake wepesi wakikimbia, na nafasi ya Eluemunor hataiona popote uwanjani.