NBA imerudi: Kabla hujakesha, jiulize unakesha kwa nini

Kama Jumatano ya wiki jana ulipanda matatu asubuhi ukaona kijana amelala mdomo wazi, kichwa kimeegemea dirisha, usidhani alikuwa ametoka kilabu. Huenda alikuwa mmoja wetu. NBA imerudi, na sisi mashabiki wa Nairobi tumerudi kuishi kama popo.

Usiku wa kuamkia Jumatano hiyo, Oktoba 22, tulikuwa watano ndani ya bedsita moja hapa Umoja, tumezingira laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani. Tulikuwa tumechanga pesa za bando, mandazi na chupa mbili za chai. Mechi ya ufunguzi ilikuwa ianze saa nane na nusu usiku saa za kwetu: mabingwa Oklahoma City Thunder nyumbani dhidi ya Houston Rockets, na Kevin Durant akivaa jezi ya Rockets kwa mara ya kwanza msimuni. Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu: hakuna kupiga nduru, maanake jirani ana mtoto mchanga.

Hiyo sheria haikufika mwisho wa mechi. Mchezo ulienda muda wa ziada, kisha muda wa ziada wa pili. Alperen Sengun, yule Mturuki wa Rockets, alikuwa ametia pointi 39 na hakuna aliyejua kumzuia. Zikiwa zimesalia sekunde 2.3, Shai Gilgeous-Alexander akapewa mitupo huru miwili. Akaingiza wa kwanza. Akaingiza wa pili. Thunder 125, Rockets 124. Tulipiga kelele hadi mtoto wa jirani akaanza kulia, tukazima taa na kunyamaza kama watu wasiojua lolote.

Kama wewe ni mgeni katika haya mambo, utauliza: hawa wasee wana akili timamu kweli? Swali zuri. Ngoja nikueleze jinsi tunavyoishi, halafu nikueleze jambo lililonifanya niandike hii makala, kwa sababu si mandazi wala Durant.

Saa zinabadilika Jumapili

Kwanza, tangazo kwa mashabiki wote. NBA ina timu 30, na kila timu inacheza mechi 82 kabla ya kufika mchujo. Mechi nyingi huchezwa jioni kule Marekani, ambayo kwetu ni usiku wa manane. Kufikia sasa tofauti ya Nairobi na New York imekuwa saa saba. Lakini Jumapili hii, Novemba 2, Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, na tofauti inakuwa saa nane.

Maana yake ni hii. Mechi ya saa moja na nusu jioni ya New York, ambayo imekuwa ikituamsha saa nane na nusu usiku, sasa itaanza saa tisa na nusu. Zile za Los Angeles na San Francisco ambazo huanza saa nne usiku kwa saa za New York zitaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kila mwaka kuna mtu husahau, anaamka saa nane na kukaa akitazama watangazaji wakipiga domo. Mwaka huu asiwe wewe.

Kwa mwenye kazi ya asubuhi, hiyo ya saa kumi na mbili ni neema. Unalala mapema kama mtu wa kanisa, unaamka, unatazama robo mbili ukinywa chai, zingine unamalizia kwenye matatu. Na huwezi kutazama kila kitu, usijaribu. Chagua timu moja uipende, mechi mbili kwa wiki zinatosha. Zingine tazama muhtasari kwenye YouTube, dakika kumi hivi, umemaliza.

Mashabiki tuko aina nyingi. Kuna wa Lakers, walioingizwa na Kobe Bryant na kubakishwa na LeBron James. Hawa msimu umewaanza vibaya. LeBron ameingia msimu wa 23, jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine wa NBA amewahi kufanya, lakini maumivu ya mshipa yalimweka nje ya mechi ya ufunguzi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Luka Doncic akajaza pointi 43 na bado wakalala 119-109 mikononi mwa Warriors. Shabiki wetu wa Lakers alivaa viatu akaenda steji bila kuaga mtu.

Kuna wa Warriors, ambao wengi wao wanadai walianza kabla ya 2015. Tunawaheshimu tu. Na sasa kuna kizazi kipya cha San Antonio Spurs, kwa sababu ya yule Mfaransa mrefu, Victor Wembanyama. Alifungua msimu na pointi 40 dhidi ya Dallas Mavericks, siku ambayo watu walikuwa wamekuja kumtazama Cooper Flagg, chipukizi aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2025. Tayari nimeona vijana wakiulizia jezi yake Gikomba.

Mmoja wetu hakuwa anatazama mpira

Turudi kwenye ile bedsita. Nilikwambia tulikuwa watano. Wanne tulikuwa tunatazama laptopu. Wa tano alikuwa anatazama simu.

Shai alipoingiza ule mtupo wa mwisho na sisi kuruka, yeye alijifunika uso kwa mikono. Hakuwa shabiki wa Rockets. Alikuwa ameweka elfu mbili kwamba Durant atapita pointi 25. Durant alimaliza na 23. Muda wa ziada mara mbili, dakika kumi za bure alizoongezewa, na bado mkeka ukachomeka.

"Ilikuwa ya rent," akasema polepole. Hakuna aliyejibu.

Ile sura niliijua. Nimewahi kuivaa.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mama yangu, ambaye anauza mboga sokoni, alinitumia karo 31,500 kwa simu. Msimu wa vikapu ulikuwa umeanza tu kama hivi. Nikatoa 500 nikabeti ribaundi za mchezaji mmoja, nikala karibu 900. Nikajiona profesa. Si huu mchezo naujua? Si ninafuata kila usiku wakati wengine wamelala? Nilifikiri kujua vikapu ni sawa na kujua matokeo.

Siku kumi na moja. Hizo ndizo zilitosha kumaliza karo yote. Shilingi za mwisho niliziweka asubuhi moja kwenye mechi ya timu mbili ambazo singeweza kukutajia hata wachezaji watatu. Wakati huo sikuwa shabiki tena. Nilikuwa mtu anayetafuta pesa yake gizani.

Hakuna aliyenifukuza chuoni. Niliacha tu kwenda. Mama nilimwambia wahadhiri wamegoma, akaamini kwa miezi miwili, akawa anawaombea wahadhiri wakubaliane na serikali. Siku niliyomwambia ukweli alikuwa anakata sukuma. Hakuacha kukata. Akauliza kama kuna yoyote iliyobaki. Nikasema hakuna, mama. Akasema, "Basi kesho saa kumi twende soko, utabeba magunia." Nilibeba hadi mwezi wa saba. Chuoni sijarudi hadi leo.

Sikwambii haya unihurumie. Nakwambia kwa sababu siku moja tu baada ya Wembanyama kutia zile pointi 40, habari iliingia ambayo ningelipa karo nzima kuisikia miaka ile.

Wewe ndiye wa mwisho kujua

Alhamisi, Oktoba 23, maafisa wa upelelezi wa Marekani, FBI, waliwakamata zaidi ya watu 30 katika kesi mbili za kamari. Kati yao alikuwa Chauncey Billups, kocha wa Portland Trail Blazers, na Terry Rozier, mchezaji wa Miami Heat. Billups anahusishwa na michezo ya karata iliyopangwa ili watu matajiri wapoteze. Rozier ndiye anayetuhusu mimi na wewe. Waendesha mashtaka wanadai kwamba Machi 2023, akichezea Charlotte Hornets, alimdokezea rafiki kwamba angetoka mapema katika mechi fulani. Kisha watu wakaweka zaidi ya dola 200,000 kwamba hatafikisha pointi na takwimu zake za kawaida. Wote wawili walikana kupitia mawakili wao, NBA ikawasimamisha kwa muda, na wakati huo hakuna aliyekuwa amepatikana na hatia. Tusubiri mahakama.

Lakini kuna kesi ambayo haina "anadaiwa". Jontay Porter, aliyekuwa Toronto Raptors, alipigwa marufuku ya maisha na NBA Aprili 2024, na miezi michache baadaye akakiri kosa mahakamani. Alikuwa anatoka uwanjani baada ya dakika chache akisema anaumwa, ili waliokuwa wamebeti kwamba atafanya vibaya wale pesa.

Sasa fikiria. Usiku Porter anatoka, kuna watu waliokuwa wanajua. Mchezaji mwenyewe alijua. Marafiki zake walijua. Na hapa mtaani kwetu, saa tisa usiku, huenda kulikuwa na kijana ameketi kitandani na simu, amefanya hesabu zake, amesoma takwimu za mechi kumi zilizopita, ameweka pesa ya chakula kwamba huyo jamaa atafikisha. Akamwona ameshika jicho, anaenda benchi. Akasema, "Aii, bahati mbaya."

Haikuwa bahati. Ilikuwa biashara, na yeye ndiye bidhaa.

Na hata tuseme wachezaji wote ni wasafi, na naamini wengi ni wasafi. Kampuni inayokupa odi ina watu wanaolipwa mshahara kukokotoa hizo hesabu mchana kutwa, na imeshajikatia faida yake kabla wewe hujafungua simu. Wewe una bando ya shilingi hamsini na usingizi.

Yaliyo bure ni matamu zaidi

Najua utasema, bila beti mechi ya timu mbili za Marekani inanihusu nini? Ngoja nikuonyeshe.

Mtafute Khaman Maluach. Mzaliwa wa Sudan Kusini, akalelewa Uganda, akaanza vikapu akiwa kijana tayari. Juni 2025 alichaguliwa wa kumi katika NBA, akaenda Phoenix Suns. Mtafute Jonathan Kuminga, aliyewahi kuchezea Warriors, mzaliwa wa Goma, mji ambao ukishuka kwenye basi unaulizia njia kwa Kiswahili. Tafuta ile mechi ya kirafiki ya Julai 2024 jijini London, Sudan Kusini dhidi ya Marekani. Taifa changa lisilo na ukumbi wa maana nyumbani liliwafikisha LeBron na wenzake hadi sekunde za mwisho, likapoteza 101-100. Hiyo unatazama na moyo, hakuna odi inayoweza kuongeza utamu.

Au rudi nyumbani kabisa. Februari 2021 kule Yaoundé, Tylor Ongwae alitupa mpira sekunde za mwisho, Kenya ikaipiga Angola 74-73. Angola, waliokuwa wakati huo mabingwa mara 11 wa Afrika! Morans wakafuzu AfroBasket baada ya miaka 28. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Vikapu ya Afrika, BAL. Hawa si watu wa mbali. Ukienda Nyayo wikendi ya ligi utawaona wenzao wakicheza, mchana, ukiwa macho, na utarudi nyumbani ukiwa na nauli yako.

Sisi wa bedsita tulirudi Jumamosi usiku. Kulikuwa na sheria mpya: simu zote zinaingia kwenye sufuria pale mlangoni, isipokuwa moja ya kutoa intaneti. Beshte yetu wa tano alikuja amechelewa, akasimama mlangoni akiishika simu yake kama mtu anayeaga. Akaitumbukiza. Kwa rent tulimchangia kidogo, nyingine amejadiliana na keateka, atalipa kwa awamu. Hakuna aliyempa mahubiri, na mimi zaidi ya wote sina haki hiyo. Nilimwambia tu yale ya mama na magunia.

Robo ya tatu mtu akapiga bloku ya ajabu, mpira ukarukia safu ya tatu ya mashabiki. Nani alipiga nduru ya kwanza? Yeye. Mtoto wa jirani akaamka tena.

Basi Jumapili badilisha kengele ya simu yako. Chagua timu. Na kama kuna msee kwenye kundi lenu ambaye hatazami mechi bali anatazama simu, usimcheke. Kaa karibu naye, muulize ameweka ngapi.