Jazi ya Mzee si Jazi ya Kijana

Mwambie mtu wa makamo wa Mombasa au Tanga kuwa redio inapiga jazi, naye atatega sikio apate magita, tumba, na sauti mbili tatu zikiimba Kiswahili. Mwambie mwanawe neno hilo hilo, atangojea saksafoni ya usiku isiyo na maneno. Nani ana haki? Mimi nasema mzee, na hoja ninayo.

Jazi yetu ilikuwa rumba. Santuri za Kyuba za mfululizo wa G.V., zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilienea Afrika, na bendi zetu zikajiita jazi kwa fahari ya jina. Dar es Salaam Jazz ilikuwako tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz ikazaliwa 1944, na kule Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, Franco na wenziwe wakaunda O.K. Jazz mwaka 1956.

Redio Tanzania iliziita bendi studioni ikazirekodi kwenye kanda, nasi wa upande huu wa mpaka tukazipata bila ya viza. Kila bendi na mtindo wake: Western Jazz na Saboso, NUTA Jazz na Msondo, Morogoro Jazz na Sululu. Gita likilia mara moja tu, msikilizaji ameshajua ni nani.

Miye ni mtoto wa chuoni. Huko sikio hufundwa kupambanua herufi, ipi yatoka kooni na ipi midomoni, na tabia hiyo nilikwenda nayo hata kwenye redio. Ndiyo maana nilimpenda Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari hapa Mombasa. Gita lake lilimjibu, lakini halikumfunika. Neno lilifika zima.

Kisha ladha ikageuka. Santuri ndogo aghalabu ilikuwa na nyuso mbili: wa kwanza wa maneno, wa pili wa chemko, magita yakienda mbio. Wacheza dansi wakautaka wa pili. Vijana wa Zaïko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, waliweka kando tarumbeta na saksafoni wakalitegemea chemko, na wasikilizaji wakawafuata. Maneno yakawa ukumbi wa kupitia tu. Mshairi aliyehesabu mizani usiku kucha hilo lamuuma, lakini siwalaumu vijana. Hata Marekani, waliozoea kumchezea Duke Ellington walinung'unika miaka ya 1940 Charlie Parker alipokuja na bebop, muziki wa kukaa na kusikiliza. Wao walitoka kwenye dansi wakaenda kitini, sisi tukatoka kitini tukaenda kwenye dansi.

Jina nalo likapotea. NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz mwaka 1977, kisha OTTU Jazz, hatimaye Msondo Ngoma. Stesheni za FM za watu binafsi zilipoingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, neno jazi likarudi limevaa koti la Marekani.

Kanda zinaweza kuhifadhiwa. Linalonitia hofu ni lile sikio lililotambua Saboso kabla mtangazaji hajasema. Basi ewe hirimu yangu, uliye na kaseti zisizoandikwa kitu sandukuni, chukua kalamu leo uandike juu yake bendi gani na mtindo gani.