Nundu za Wyoming, mabanzi ya Mafinga

Kwa maseremala wengi gogo lenye nundu ni hasara. Randa inakwama, msumeno unapotea njia, na mwisho gogo linageuzwa kuni. Thomas Molesworth, aliyefungua karakana ya fanicha katika mji mdogo wa Cody, jimbo la Wyoming, mwaka 1931, aliyatafuta magogo ya namna hiyo. Nundu alizifanya miguu ya meza na mikono ya viti, kisha akaviwamba viti hivyo kwa ngozi ya rangi kali na kuipigilia misumari ya shaba. Leo mtu akitaja sebule ya kiranchi, ile ya Magharibi ya Marekani, mara nyingi anafikiria kazi ya Molesworth au ya walioiga kwake.

Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 1904, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, hoteli ya Old Faithful Inn ilipokea wageni wake wa kwanza. Msanifu wake, Robert Reamer, alijenga kwa misonobari na mawe ya eneo lile lile. Matawi yaliyopinda yakawa mihimili ya roshani, na ukumbini ikasimama dohani kubwa ya mawe yasiyochongwa. Jengo lingali linapokea wageni.

Zulia la Kinavajo linalotandikwa katika sebule hizo lina habari ndefu kuliko samani zote. Wanawake wa Kinavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, walifuma mablanketi ya kuvaa kwa sufu ya kondoo wao. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga watu wao kutoka nchi yao hadi Bosque Redondo, New Mexico, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1868. Waliporudi, maduka ya biashara yalienea, mojawapo likiwa la John Lorenzo Hubbell huko Ganado, Arizona. Mablanketi ya kiwandani yalishaanza kuwafikia, na wafanyabiashara wakataka kitambaa kizito zaidi cha kuwauzia watu wa mijini. Nguo ya mabegani ikashuka sakafuni. Ndiyo maana naumia ninapoona zulia lililochapwa mashineni likiuzwa kwa jina la Wanavajo. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kabisa kuuza bidhaa kama kazi ya wenyeji wa asili wakati siyo. Kama huwezi kununua la kweli, tandika mkeka au jamvi zuri la kwenu, ulitaje kwa jina lake.

Molesworth na Reamer walichukua kilichokuwa karibu nao. Karibu yetu, hapa Tanzania, kuna misonobari ya Mufindi, na Mafinga kila anayefanya biashara ya mbao anayajua mabanzi, yale maganda ya pembeni ya gogo yanayobaki baada ya kupasua. Huko huzungushiwa banda au huchomwa. Upande mmoja yana gome na mikunjo ya mti, upande wa pili yamenyooka kwa msumeno, na hayo ndiyo chumba cha kiranchi kinayohitaji. Yapange kivulini, weka vijiti katikati ili hewa ipite, yakauke barabara. Gome lililolegea libandue, wadudu hujificha chini yake. Piga msasa upande utakaoguswa na watu, paka vanishi isiyong'aa, na usithubutu kupaka rangi. Wa pwani wana mbao za majahazi makuukuu, ambazo mafundi huzigeuza meza zikiwa bado na matundu ya misumari.

Ukuta mmoja wa mabanzi unatosha; kuta nne zitakigeuza chumba kuwa sanduku. Taa ziwe za mwanga wa njano. Ukitandika ngozi ya ng'ombe, ikung'utwe na kufagiwa kufuata manyoya yake, isiloweshwe.

Ukipita kwenye kiwanda cha mbao wiki hii, omba kuonyeshwa rundo la mabanzi kabla halijaenda kuwa kuni.