Meza ya jikoni yenye pembe: kazi inaharibikia kwenye vipimo mbele ya mashini

Mama wa nyumba anapangusa meza yake mpya ya jikoni kila asubuhi. Kisha miezi michache, pale kwenye pembe ambapo mbao mbili zinakutana, uso unaanza kuvimba. Maji yameingia. Fundi anaitwa arudi, pesa iliyobaki hailipwi, na ubao wenyewe hautengenezeki tena.

Sababu ni nini? Mbao nyingi za namna hii ni aglomere, ni kusema vipande vidogo vya mti vilivyogandishwa kwa kole. Juu kuna ngozi ngumu inayokataa maji, lakini ndani inakunywa maji kama mkate. Nafasi ndogo kwenye kiungo inatosha kuiharibu.

Kuna fundi anayekata mbao zote mbili sawasawa na kuzigonganisha. Hapo ukingo wa mbele wenye mviringo unaacha shimo. Mwingine anakata kwa nusu pembe, nyuzi 45, toka mbele mpaka ukutani. Hiyo inapendeza kwa macho, lakini kama ukuta umepinda kidogo, kiungo kinafunguka. Njia inayodumu ni ya tatu: kukata sawa sehemu kubwa ya ubao, na kuweka nyuzi 45 pale mbele tu, kwenye ule mviringo.

Msumeno hauwezi kuifanya vizuri. Inaombwa defonsezi, mashini ya mkono inayozungusha kisu kinachoitwa freze, pamoja na gabari, kibao chenye njia iliyochongwa ya kuongoza mashini. Mara nyingi freze ina milimita 12,7 na pete ya chuma inayopita ndani ya gabari ina milimita 30. Kwa hiyo kisu kinakata milimita 8,65 ndani ya ukingo wa gabari. Fundi anayejichongea gabari yake kwa tripleksi akisahau hesabu hiyo, viungo vyake vyote vitakosa.

Lakini kabla ya kuwasha mashini, ukuta upimwe. Toka kwenye kona, weka alama kwa sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili lazima kuwe sentimita 100 kamili. Zikizidi, kona imefunguka, zikipunguka, imefunga. Gabari inageuzwa kidogo kufuata ukuta ule, maana mashini haijui kona ya nyumba iko namna gani. Inafuata tu kile ilichoonyeshwa.

Kisha jaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki. Na kwenye ubao wenyewe, kata kiungo kwanza, urefu baadaye. Kiungo kikikosa wakati ubao bado mrefu, unaweza kurudilia. Ukishakata urefu, hakuna njia ya kurudi.

Gabari ifungwe kwa nguvu isitembee. Freze iingie kupitia mviringo wa mbele na itokee nyuma, juu pale inapotokea ndipo ngozi inapasuka. Ndiyo sababu, kufuatana na upande wa kona, ubao mmoja unalazwa uso chini. Usishushe kisu zaidi ya milimita 10 kwa mara moja. Ubao wa milimita 38 unaomba kupita mara nne. Mara ya mwisho, pete ikiegemea ukingo wa gabari, inaondoa kama milimita moja tu, na uso unabaki laini.

Huku kwetu kuna hatari ingine: umeme. Gurupu ndogo ikishindwa kubeba mashini, motere inapunguza mbio na mbao inaungua. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima kwanza kwenye mashini yenyewe, kisha uchomoe waya. Mashini iliyoachwa wazi inaweza kuwaka yenyewe umeme ukirudi, na mkono wa mwanafunzi uko hapo karibu. Miwani na kitambaa cha kuzuia vumbi viwe tayari pia.

Mwisho, nyuso zote mbili zilizokatwa zipakwe silikoni mbele ya kuunganisha. Bulo tatu zikazwe toka chini, moja moja, kidogo kidogo, huku kidole kikipita juu kusikia kama mbao ziko sawa. Silikoni inayotoka juu ipanguswe palepale.

Kwa mwenye nyumba, kuna namna rahisi ya kujua kazi mbele ya kulipa: pitisha ukucha kwenye kiungo. Ukikwama, maji nayo yatapata njia.