Kifaa Kimoja au Viwili? Kipimo Kifanywe Penye Kelele

Mzee wa Kibeta, Bukoba, aliyepungukiwa usikivu masikio yote mawili, akivalishwa kifaa kimoja cha kusaidia kusikia katika chumba tulivu cha mtaalamu, huenda akasikia karibu kila neno. Ndugu hufurahi, wakasema kimoja kinatosha. Lakini hakuna anayeishi chumbani humo. Mzee atarudi kwenye kelele za stendi ya Bukoba, kwenye msiba ambako watu wanazungumza kwa pamoja, na chini ya bati linalopigwa na mvua.

Huko masikio mawili husaidiana. Bodaboda ikitokea kushoto, mlio wake hutangulia kufika sikio la kushoto. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, ila ubongo huitumia kutambua upande. Kichwa nacho huzuia sauti, hasa zile nyembamba kama s, f na t. Anayeongea upande usio na kifaa husikika akinung'unika tu: saa, taa na faa zinakuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo kipimo cha haki huweka sentensi mbele na kelele ubavuni, kisha mzee hurudia alichosikia: kwa kifaa cha kulia peke yake, cha kushoto peke yake, halafu vyote viwili. Kelele huhamishiwa ubavu wa pili, na maneno aliyoyapata huhesabiwa kila mara. Mimi ningesimamia jambo moja kuliko yote: bibi aliyekua akizungumza Kihaya apimwe kwa Kihaya. La sivyo tunapima lugha, si masikio.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Silman na wenzake, walionyesha kwamba kwa waliovaa kifaa kimoja, sikio lililoachwa lilizidi kudhoofika katika kuelewa maneno. Waliovaa viwili hawakupata hasara hiyo. Hata hivyo wapo wazee wachache ambao vifaa viwili huwavuruga, wakaelewa vizuri zaidi kwa kimoja. Ndiyo maana ya kupima, tena baada ya wiki kadhaa za kuvizoea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 17 tu ya wanaohitaji vifaa hivi ndio wanaovitumia. Gharama nayo ipo: vifaa viwili ni betri maradufu. Fedha zikitosha kimoja tu, kijaribiwe kwenye kila sikio kwanza, kisha salio litengwe kwa ajili ya betri na matengenezo.