Ushuru wa nyumba: mkulima na mwenye duka kijijini wanahusika vipi?

Mwisho wa mwezi ukikutana na mwalimu au muuguzi sokoni, si ajabu kumsikia akilalamikia makato ya mshahara. Mojawapo ya makato hayo ni ushuru wa nyumba. Sisi tusio na mshahara tumezoea kumpa pole na kuendelea na shughuli zetu, tukiamini hilo ni jambo la walioajiriwa.

Sivyo ilivyo. Sheria inayotumika Kenya sasa inamtaja pia anayeuza mahindi, anayekamua ng'ombe, mwenye duka na mwenye bodaboda. Na ndani yake kuna sehemu inayoweza kumfaa mtu anayetaka kujenga kwake kijijini, ingawa hiyo haitajwi sana.

Kabla ya kuendelea, tusichanganye maneno. Kodi ya nyumba ni ile mpangaji anayompa mwenye nyumba. Ushuru wa nyumba ni fedha zinazokwenda serikalini ili zijenge nyumba za bei nafuu.

Kwa nini serikali inajenga nyumba

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa. Lakini serikali hukadiria kuwa Kenya ina upungufu wa nyumba zipatazo milioni 2. Kila mwaka zinahitajika nyumba mpya 250,000 hivi mijini, na zinazojengwa ni kama 50,000 tu. Nyingi kati ya hizo ni za watu wenye uwezo.

Mikopo ya benki ya kununua nyumba nayo ni ya wachache. Katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019, mikopo hiyo ni takriban 30,000 tu. Riba iko juu, na benki hutaka kuona mshahara wa kila mwezi. Mtu anayepata fedha wakati wa mavuno pekee hata hafiki mlangoni.

Jinsi korti ilivyomwingiza mkulima

Jaribio la kwanza la kuwakata wafanyakazi lilikuwa mwaka 2018, wakati wa Rais Uhuru Kenyatta. Lilikwama mahakamani. Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto ililirudisha kupitia Sheria ya Fedha: mfanyakazi akatwe asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, yaani kabla ya makato mengine, na mwajiri aongeze kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake.

Kesi zikafuata. Tarehe 28 Novemba 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba ushuru huo ulikiuka Katiba. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba uliwalenga walioajiriwa rasmi na kuwaacha wengine wenye mapato, bila sababu ya haki. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa kuruhusu makato yaendelee huku rufaa ikisubiriwa.

Serikali ilipewa kasoro ya kurekebisha, ikairekebisha kwa njia iliyo rahisi kwake: badala ya kuwaondolea wafanyakazi mzigo, iliuongeza kwa kila mtu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini tarehe 19 Machi 2024 inatoza asilimia 1.5 ya mshahara ghafi wa mfanyakazi, au asilimia 1.5 ya pato ghafi la mtu asiye na mshahara. Nayo ilipingwa kortini, lakini Oktoba 2024 Mahakama Kuu iliiacha isimame. Kwa hiyo wale walioshtaki wakidai ubaguzi walishinda kesi, na majirani zao wakulima wakajikuta ndani ya sheria.

Neno la kuangalia ni "ghafi"

Kwa mwalimu hesabu si ngumu. Akiwa na mshahara ghafi wa shilingi 40,000, anakatwa 600 na mwajiri anaongeza 600. Kwa mwaka ni 7,200 kutoka kwake.

Kwa mkulima, hapo ndipo penye utata. Tuseme ameuza mahindi ya shilingi 200,000. Kulima, mbegu, mbolea, palizi na usafiri vimemla 150,000. Kilichobaki mkononi ni 50,000. Asilimia 1.5 ya kile alichouza ni shilingi 3,000, lakini asilimia 1.5 ya faida yake ni 750 tu. Sheria inasema pato ghafi. Mkulima hupata hasara misimu mingine, na tofauti hiyo si ndogo kwake. Kwa maoni yetu, hapa ndipo wawakilishi wa wakulima wanapaswa kuuliza maswali, kuliko kuishia kusema "ushuru huu hatuutaki".

Mwajiriwa hukatwa kabla fedha hazijamfikia. Mkulima hana wa kumkata. Yeye mwenyewe ndiye anayetarajiwa kutangaza pato lake kwa mamlaka ya ushuru, KRA, na kulipa. Asiyelipa kwa wakati hutozwa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi anaochelewa.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba ukimwajiri mchungaji, mfanyakazi wa shamba au msaidizi wa nyumbani kwa mshahara wa mwezi, wewe ni mwajiri. Unapaswa kukata asilimia 1.5 yake na kuongeza 1.5 yako.

Kulipa si kuweka akiba

Kuna watu wanaosema, "Nimekatwa miaka miwili, nyumba yangu iko wapi?" Swali hilo lina chanzo chake. Mswada wa mwanzo wa 2023 ulipendekeza mchango wa asilimia 3 ambao mtu angeweza kurudishiwa baada ya miaka 7 asipopata nyumba. Mpango huo ulibadilishwa kabla ya kupitishwa. Kilichobaki ni ushuru. Haurudishwi, na kuulipa hakukupi zamu ya kupata nyumba.

Anayetaka nyumba hufuata njia nyingine. Anajisajili kwenye mfumo wa Boma Yangu, kwa intaneti au kwa simu ya kawaida akibonyeza *832#, kisha anaanza kuweka akiba ya malipo ya awali. Malipo hayo huhesabiwa kama asilimia ya bei ya nyumba. Viwango hivi vinaweza kubadilika, kwa hiyo hakikisha kabla ya kutuma chochote.

Nyumba zimegawanywa kulingana na kipato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi huwekwa kwenye kundi la nyumba za jamii, ambazo ndizo za bei ya chini kabisa. Mei 2025, familia 1,080 zilikabidhiwa funguo huko Mukuru, Nairobi. Nyumba ya chumba kimoja ilitangazwa kwa bei ya shilingi 640,000, na malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Mtu mmoja hupewa nyumba moja, na haruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia nyumba hizo. Kwa hiyo ndugu yako wa mjini akikwambia ana nyumba ya Boma Yangu ya kukuuzia haraka haraka, mwombe kwanza akuonyeshe hiyo idhini.

Na wewe uliye na shamba lako?

Wengi wa mashambani hawana haja ya ghorofa Nairobi. Wana kiwanja, pengine na nyumba ya udongo wanayotaka kuigeuza ya mawe. Sheria ya 2024 inaitambua nyumba nafuu ya mashambani na inaruhusu mkopo wa riba ya chini kwa mtu anayejenga mahali pasipo mji. Hii ndiyo sehemu ambayo mlipa ushuru wa kijijini angeweza kuona faida bila kuhama.

Ila mkopo ni mkopo, na anayekopesha hutaka dhamana. Familia nyingi hulima shamba ambalo hati yake bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Kila mmoja anajua mpaka wake, tangu ua ule hadi mwembe ule, lakini kwenye karatasi shamba ni la marehemu. Hapo utakwama hata riba ikiwa ndogo namna gani.

Kwa hiyo kama una nia ya mkopo huo, kazi ya kwanza iko nyumbani. Familia ikae, mrithiwe kisheria kupitia mahakama, kisha ardhi igawanywe na kila mmoja apate hati yake. Chifu huandika barua ya kuwatambua warithi, na hiyo ndiyo huanzisha safari. Huchukua muda, na mara nyingi huzua maneno kati ya ndugu, kwa hiyo ni heri kuanza wakati wazee wanaokumbuka mipaka bado wapo.

Maelezo ya mkopo na ya usajili yanapatikana Huduma Centre. Usimlipe mtu yeyote anayekupigia simu akidai atakupandisha kwenye orodha.