Kupanga Mwanga wa Picha Bila Kuitegemea Kamera

Mwanga wa picha hutegemea mambo matatu: upana wa tundu la lenzi, kasi ya shata na kiwango cha ISO. Kamera ikiwekwa kwenye alama ya M, mpigapicha huyapanga yote mwenyewe.

Tundu hupimwa kwa namba za f. Kwenye f/2.8 tundu ni pana: mwanga mwingi huingia na mandhari ya nyuma hufifia. Kwenye f/16 ni dogo, na vya karibu na vya mbali huonekana vizuri. Shata huamua muda wa mwanga kuingia. Sekunde 1/1000 humgandisha mchezaji hewani. 1/30 humwacha na ukungu. ISO ikipandishwa, picha hung'aa zaidi, lakini ikizidi huleta chengachenga.

Matatu haya hufidiana. Kutoka 1/250 kwenda 1/125 mwanga huongezeka maradufu; kutoka f/8 kwenda f/11 hupungua nusu, hivyo ukifanya yote mawili mwanga wa picha hubaki vilevile. Kwenye jua kali, f/16, ISO 100 na 1/125 ni mwanzo mzuri.

Kipimo cha ndani ya kamera hukadiria kila kitu kana kwamba ni kijivu cha wastani. Bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe hukidanganya: kanzu hutoka ya kijivu, na uso hugubikwa na giza. Dawa ni kuongeza mwanga hatua moja (yaani maradufu) au zaidi, kisha kukagua kama darizi ya kanzu bado inaonekana.